Kazi ya msimu Antaktika: mwongozo kamili wa kufika McMurdo na kumaliza mkataba salama

Wengi wakisikia kituo cha utafiti Antaktika wanawaza maprofesa na mashine zao tu, sasa mtu wa jikoni akafanye nini huko. Kituo kikubwa kuliko vyote kule ni McMurdo cha Wamarekani, wakati wa kiangazi kinafikisha watu karibu 1,000, na wengi wao hawana uhusiano wowote na sayansi. Ni wapishi, waosha vyombo, wasafisha mabweni, mafundi bomba, mafundi umeme, madereva wa mitambo, watu wa stoo, watu wa mafuta, watu wa taka. Mwanasayansi hawezi kwenda kuchimba barafu kama hakuna aliyempikia, aliyemchajia redio na aliyehakikisha bomba la chooni halijaganda, na huyo ndo wewe.

Mi nimefanya jikoni kule, kwa hiyo humu nitaongea zaidi upande wa kazi za kawaida ambazo hazihitaji digrii. Na niseme mapema, baridi sio shida kubwa kama mnavyodhani. Watu wengi wanaokosa hii kazi wanaikosia kwenye kiti cha daktari wa meno mwezi wa saba, wakiwa bado na fulana, hata barafu hawajaiona.

Hatua ya 1: angalia karatasi zako kabla ya kitu chochote

Marekani ina vituo vitatu vinavyokaliwa mwaka mzima: McMurdo, South Pole (jina lake rasmi Amundsen-Scott) na Palmer, ambacho ni kidogo na unakifikia kwa meli kutokea Punta Arenas kule Chile. Kazi za vituo hivi zinataka raia wa Marekani au mwenye grinikadi. Hakuna mwajiri wa kukudhamini viza utoke Mwanza au Kisumu ukaoshe vyombo Antaktika, hakuna kabisa, kwa hiyo ukikutana na ejenti wa WhatsApp anayeomba laki tatu za "usajili wa Antaktika" we mpige bloku uendelee na mambo yako. Mwajiri wa kweli hachukui senti yako, tiketi anakata yeye, malazi na chakula anatoa yeye, nguo nzito za baridi anatoa yeye.

Basi mwongozo huu ni wa ndugu zetu ambao tayari wako Marekani, waliopata bahati nasibu ya grinikadi au walioolewa au waliozaliwa huko huko, nyie mnaopiga shifti za usiku kwenye maghala na nyumba za wazee kuanzia Minnesota mpaka Texas. Mlioko kwingine msikate tamaa, ila njia zenu ni tofauti. Aliyeko Uingereza mwenye haki ya kufanya kazi aangalie British Antarctic Survey, wanaajiri wapishi, maseremala na mafundi bomba kila mwaka kwa ajili ya kituo cha Rothera na vingine. Afrika Kusini ndo nchi pekee ya Afrika kati ya zile 12 zilizosaini Mkataba wa Antaktika mwaka 1959, ina kituo chake SANAE IV na meli SA Agulhas II inayotoka Cape Town kila Desemba hivi, lakini wanachukua kikosi kidogo cha kukaa mwaka mzima na wanataka wa kwao kwanza. Halafu kuna Svalbard, kaskazini kabisa, ambako kwa sababu ya mkataba wa 1920 huhitaji viza kuishi wala kufanya kazi. Hapo wengi wanashangilia haraka, kwa sababu ndege zinapita Norway na Norway wanakudai viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja, na ukifika bila kazi wala hela ya kujitunza wanakurudisha.

Hatua ya 2: kuomba, na kwa nini uanze mapema

Kule kiangazi ni mwezi wa 10 mpaka wa 2, na ndo msimu mkuu. Kuna kikundi kidogo kinatangulia mwezi wa 8 kuandaa kituo, na kuna wanaobaki majira ya baridi, kuanzia mwezi wa 2 hadi ndege zirudi tena. Matangazo ya kazi za kiangazi yanaanza kutoka mwisho wa mwaka uliotangulia na yanaendelea mpaka katikati ya mwaka. Ukisubiri Septemba umeshachelewa, ingawa nafasi za dharura huwa zipo, nitaeleza.

Serikali yenyewe haiajiri muosha vyombo. Mradi mzima unasimamiwa na National Science Foundation, wao walimpa kandarasi kubwa Lockheed Martin, tangu 2016 iko kwa kampuni ya Leidos, na Leidos nae anagawa kwa kampuni ndogo: jikoni, mabweni na duka ziko kwa kampuni moja, magari na ufundi nyingine, afya iko chini ya University of Texas Medical Branch. Kampuni hizi hubadilika kandarasi zikiisha, kwa hiyo usinakili majina kwa rafiki, nenda tovuti ya usap.gov ukaangalie orodha ya mwaka husika, kisha omba kwenye tovuti ya kila kampuni moja moja. Ndio, fomu ileile unaijaza mara tatu nne, vumilia.

Kwenye sivii yako usijipambe na "mpenda kusafiri". Wanatafuta mtu ambaye amefanya kazi ngumu ya kurudiarudia na hakuondoka. Kama umefanya hoteli, jikoni la hospitali, meli, mgodi, kambi ya ujenzi, andika kwa kirefu, taja mashine ulizoshika na watu wangapi mlikuwa mnalisha. Na kama umesoma bweni usione aibu, liseme kwenye intavyu, maana McMurdo ni bweni la watu wazima: chumba mnashea, choo na bafu mnashea, mesi moja, foleni ya chakula, saa ya kula ikipita imepita, na yule aliyekuudhi kazini ndo huyohuyo unapiga nae mswaki usiku. Swali la intavyu linalorudi kila mara ni utafanyaje ukigombana na mwenzako wa chumba. Jibu zuri ni mfano uliowahi kukutokea na mkamalizana vipi, sio "mimi sina shida na mtu".

Sasa ile ishu ya akiba. Unaweza kupewa nafasi kamili au ukaambiwa wewe ni wa akiba, maana yake mwenye nafasi akianguka unaingia wewe. Watu wanadharau, wanaona kama wamekataliwa kistaarabu. Usidharau! Wenye nafasi wanaanguka kila mwaka, mmoja presha, mwingine jino, mwingine mchumba kakataa, na hapo kampuni inampigia mtu wa akiba aliyeshamaliza vipimo vyote. Kama bado hujamaliza wanampigia anayefuata.

Hatua ya 3: vipimo, hapa ndo kwenye mchujo wenyewe

Wao wanaita PQ, yaani kuthibitishwa kiafya. Bila PQ hakuna tiketi hata kama bosi wa jikoni anakupenda vipi. Sababu inaeleweka: McMurdo ina zahanati tu, haina hospitali ya upasuaji mkubwa, na hali ya hewa ikiharibika ndege ya kukutoa inaweza kuchelewa siku kadhaa. Majira ya baridi ni zaidi.

Utapewa pakiti ya fomu. Kuna uchunguzi wa mwili mzima, damu, mkojo, chanjo, na vipimo vinavyoongezeka kulingana na umri na historia yako. Mambo yanayowakwamisha watu wetu ni haya.

Meno. Tunaenda kwa daktari wa meno siku ambayo shavu limeshavimba, sasa hawa wanataka eksirei za meno ya mdomo mzima na daktari aandike kwamba hakuna kazi iliyobaki. Tundu dogo ambalo umekaa nalo miaka bila shida, kwao ni sababu ya kukuzuia mpaka lizibwe, na magego ya mwisho yaliyolala vibaya yanaweza kuamriwa yang'olewe. Kung'oa ni hela na kupona ni wiki. Kwa hiyo siku unayotuma maombi, kabla hata hujajibiwa, weka miadi ya meno. Kama una bima ya meno itumie hapohapo, na kila risiti itunze, halafu muulize mwajiri kwa maandishi wanarudisha gharama zipi na kwa kiwango gani.

TB. Wengi tuliozaliwa Afrika Mashariki tuna alama ya BCG begani. Ukipimwa kwa sindano ile ya kwenye ngozi ya mkono inaweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu, na hapo unaanza safari ya eksirei za kifua na barua. Ukiambiwa upime TB omba kipimo cha damu badala ya sindano ya ngozi, hicho hakidanganywi na BCG.

Presha na sukari. Ikiwa juu sio lazima iwe mwisho wa safari, wanachotaka ni kuona imedhibitiwa na una kumbukumbu za miezi kadhaa. Anza kuipima mwezi wa 3, usianze wa 8. Na kama unajijua una chembe za selimundu, hata kama huumwi, mwambie daktari, hasa kama kazi yako ni South Pole ambako kituo kiko mita 2,835 juu, kupita kibanda cha Mandara njia ya Marangu kule Kilimanjaro, na kwa jinsi hewa ya ncha ilivyo mwili unahisi uko juu zaidi ya hapo.

Dawa za kulevya. Watapima. Jimbo lako linaruhusu bangi? Haiwahusu, huu ni mradi wa serikali kuu. Hapa hakuna cha kubembeleza.

Wanaokwenda kukaa majira ya baridi wanaongezewa uchunguzi wa saikolojia, maswali mengi ya kuandika na mazungumzo na mtaalamu. Jibu ukweli kawaida, yale maswali yameundwa yajue mtu anayejifanya malaika.

Usidanganye kwenye fomu. Unaweza kupita, lakini dawa yako ya kila siku utaibebaje mzigo wa miezi mitano bila kuandikiwa? Dawa zote za msimu mzima unatoka nazo nyumbani, kwenye chupa zenye lebo yenye jina lako, na uzibebe mkononi.

Kitu kingine, fuatilia mwenyewe. Maabara inasema imetuma, ofisi ya PQ inasema haijapokea, na faksi imelala mahali. Piga simu kila wiki, kwa upole, uulize ni karatasi ipi inakosekana. Anayekaa kimya faili lake linakaa kimya pia.

Hatua ya 4: funga mambo ya nyumbani

Kama unapanga, miezi mitano ya kulipa kodi ya chumba tupu inakula mshahara wote, na mshahara wenyewe kwa kazi za chini sio mkubwa nakwambia ukweli, utamu wake ni kwamba huna pa kuutumia. Chakula bure, kitanda bure, hakuna mafuta ya gari. Kwa hiyo wenye akili wanakabidhi chumba, vitu wanaweka kwa ndugu, gari wanapunguza bima. Ukiweka bili kwenye makato ya moja kwa moja hakikisha akaunti ina kitu.

Kodi ya serikali: kuna uzushi kwamba ukifanya kazi Antaktika hulipi kodi ya Marekani kwa kuwa uko nje. Sio kweli, sheria ya kodi haihesabu Antaktika kuwa nchi ya kigeni, kwa hiyo ule msamaha wa wanaofanya kazi ng'ambo haukuhusu. Utakatwa kama kawaida.

Simu: hakuna mtandao wa simu wa Marekani kule, laini yako inakuwa kipande cha plastiki. Sasa fikiria benki yako na ile app unayotumia kurusha hela M-Pesa kwa mama, zote zinatuma namba ya siri kwa meseji. Utafungiwa nje ya hela zako mwenyewe. Kabla hujaondoka hamishia uthibitisho kwenye app ya namba za siri au imeili, jaribu kutuma hata dola 10 nyumbani ukiwa umezima laini, ukiona imekubali ndo uondoke. Intaneti yenyewe imekuwa nafuu tangu Starlink ifike McMurdo 2022, ila usitegemee ya kumwangalia mtoto kwa video kila usiku. Saa ni za New Zealand, wakati wa kiangazi ni masaa 10 mbele ya Afrika Mashariki, yaani saa mbili usiku Dar ni saa kumi na mbili asubuhi ya kesho yake McMurdo. Wape watu wa nyumbani hesabu hiyo mapema wasione umewanunia.

Wenye grinikadi na pasipoti ya Kenya, Tanzania, Congo na kwingineko, hapa tulieni. Wenzenu wenye pasipoti ya Marekani wanaingia New Zealand, ambako ndo mnapandia ndege ya kwenda McMurdo, kirahisi na watawaambia "usijali", msiwasikilize, mnaingia kwa pasipoti mliyoishika. Siku unapokea mkataba andikia ofisi ya safari ya mwajiri, taja uraia wako, uliza utaingia New Zealand kwa utaratibu gani na kama tiketi inapita Australia itakuwaje, na majibu yao yachapishe utembee nayo. Pasipoti iwe na muda mrefu mbele. Kuhusu uraia: msimu wa kiangazi pekee hauzidi miezi 6, lakini ukiunganisha na baridi unapita, na kukaa nje zaidi ya miezi 6 kunaweza kuvuruga hesabu ya kuomba uraia. Ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kusaini mkataba wa baridi.

Hatua ya 5: mzigo

Kwa wafanyakazi wa kiangazi mizigo inayoruhusiwa ni pauni 85, kama kilo 38 na nusu, na wanapima kweli. Jaketi kubwa, suruali nzito, mabuti, glavu, kofia na miwani ya theluji utapewa Christchurch, New Zealand, kwa hiyo usiende kununua jaketi la dola 600. Wewe lete nguo za ndani za kubana mwili pea chache (za sufu ndo bora), soksi nyingi nzuri, jinsi na tisheti za kawaida, viatu vya jikoni visivyoteleza, raba, kandambili za bafuni, miwani ya jua yenye kinga ya kweli maana mwanga unaorudi kutoka kwenye theluji unaunguza macho, na kitambaa cheusi cha kuziba dirisha. Kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka karibu Februari 20 jua halizami, saa nane za usiku bado linawaka na wewe unatakiwa uwe umelala.

Ngozi na nywele, hili halimo kwenye kitabu chao. Hewa ya kule ni kavu kupita maelezo, Antaktika ni jangwa kabisa, mikono ya muosha vyombo inapasuka mpaka damu. Vaseline kopo kubwa, mafuta ya shea, mafuta ya mdomo. Dada zangu, sukeni kabla ya kuondoka, mtindo wa chini unaokaa ndani ya kofia na usiozuia mkanda wa miwani, na mbebe mafuta na uzi wenu wenyewe, dukani kule hamtapata kitu cha nywele zetu. Wanaume bebeni mashine ya kunyolea. Umeme wa McMurdo ni wa volti 110 wa Kimarekani, ila Christchurch ni 230 na soketi tofauti, usiunguze mashine hotelini.

Na vya kula. Najua mtataka majani ya chai, pilipili, dagaa. New Zealand ni wakali mno kwa vyakula na udongo, ile kadi ya kuingilia andika kila kitu hata pakiti moja ya biskuti. Ukitangaza, mbaya zaidi wanakunyang'anya. Usipotangaza faini ni dola 400 za kwao hapohapo. Chai iwe kwenye pakiti ya kiwandani iliyofungwa. Dagaa waache nyumbani jamani. Viatu vyako pia visugue soli mpaka ving'ae, punje ya mbegu kwenye tope ni kosa, na Antaktika yenyewe wana sheria hiyohiyo.

Hatua ya 6: Christchurch na kupanda ndege

Utaruka kibiashara mpaka Christchurch, kisha unakwenda kwenye kituo cha kugawia nguo karibu na uwanja wa ndege. Unakuta mifuko miwili ina jina lako, ndani kila kitu kimeshapangwa kwa vipimo ulivyojaza kwenye fomu. Watu wana haraka wakale, wanashika tu jaketi wanasema sawa. Usifanye hivo. Vaa vyote kwa pamoja, soksi mbili, buti, suruali, jaketi jekundu (wanaliita Big Red), glavu, halafu chuchumaa, inua mikono, funga na fungua zipu ukiwa na glavu, geuka nyuma. Vidole vya mguu vicheze ndani ya buti, buti likibana damu haipiti na baridi inaanzia hapo. Zipu ikikwama hata mara moja, rudisha, upewe nyingine, wale wahudumu wamezoea na hawakasiriki. Ukishafika barafuni kubadilisha ni usumbufu.

Siku ya kuruka unavaa hayo manguo yote, kwenye ndege ni lazima. Mizigo yako mikubwa inafungwa kwenye palati, hutaiona tena mpaka ufike, isipokuwa begi dogo wanaloita begi la bumerangi. Ndege ikifika katikati ya safari ikaambiwa hali ya hewa McMurdo imeharibika inageuza kurudi Christchurch, masaa yako yote bure, na unalala tena hotelini na begi hilo tu. Kwa hiyo weka humo mswaki, chupi, chaja, tisheti. Dawa na pasipoti ziwe mkononi.

Ndege ni ya jeshi. Ukibahatika ni C-17, masaa matano hivi, ukipata LC-130 yenye miguu ya kuteleza ni kama manane. Mnakaa pembeni mmegeukiana, hakuna kiyoyozi cha kistaarabu, kelele ni za kuziba masikio (plagi wanagawa), chakula ni cha kwenye mfuko. C-17 inatua Phoenix, uwanja uliotengenezwa kwa kushindilia theluji tangu 2017. Mlango ukifunguliwa vuta pumzi kwa pua taratibu, mwezi wa 10 inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Kisha gari lenye matairi makubwa linawabeba polepole mpaka kituoni, na wengine wanasikitika kukuta hakuna weupe wowote, ni vumbi jeusi la volkano na majengo ya bati kama mgodini. Mlima Erebus unafuka moshi pale nyuma, angalau huo hauwaangushi.

Hatua ya 7: wiki za mwanzo na maisha ya kazi

Kazi ni siku 6 kwa wiki, masaa 9 kwa siku, jumla 54. Jikoni zamu zinapishana, kuna wanaofanya usiku na wao chakula chao kikuu kinapakuliwa usiku wa manane, jua liko dirishani, meza moja wanakula pasta ya jioni yao na masaa machache baadae wengine meza hiyohiyo wanakula mayai ya asubuhi yao. Mwili unachanganyikiwa. Shika saa ya kulala na usiibadili hata siku ya mapumziko.

Taka ndo somo la kwanza. Kila kitu kinatenganishwa, karatasi, bati, kioo, plastiki, na hata mabaki ya chakula yanafungwa yarudishwe Marekani kwa meli inayofika mwishoni mwa Januari au Februari baada ya meli ya kuvunja barafu kufungua njia. Ukiwa muosha vyombo wewe ndo polisi wa hizo ndoo. Kunawa mikono mlango wa mesi ni lazima, kwa sababu mafua mapya yanaingia na kila ndege na yanazunguka kituo kizima, utaumwa mara moja lazima, kunywa maji mengi upumzike. Pia utapigwa shoti za umeme kila ukigusa kitasa, hewa kavu ile, gusa chuma kabla ya kushika kompyuta ya watu.

Matunda na mboga mbichi zinategemea ndege kutoka New Zealand. Ndege zikisimama wiki, unakula vya kopo na vya friza. Ukitoka nje ya mesi na sahani angalia juu, kuna ndege anaitwa skua anakwapua mkate mkononi bila salamu. Jina lake wamelipa pia kile kibanda cha vitu vya bure ambako wanaoondoka wanaacha nguo, vitabu, feni, taa. Kabla hujanunua chochote dukani pita hapo.

Hali ya hewa ina madaraja matatu. Kondisheni 3 ni kawaida. Kondisheni 2 jihadhari. Kondisheni 1 ni upepo na theluji usioona mkono wako, hapo hutoki jengo ulilomo, kama ni kazini unalala kazini. Usijifanye mwanaume, umbali kutoka mesi hadi bweni ni mfupi na bado mtu anaweza kupotea. Njia za nje zimewekwa bendera: nyekundu na kijani ni njia salama, nyeusi ni hatari, mara nyingi nyufa za barafu zilizofunikwa. Ukitaka kutembea mbali unajiandikisha kwanza. Kilima cha Observation kiko hapohapo, kina msalaba wa mwaka 1913 wa kumkumbuka Scott, yule mpelelezi Mwingereza, na wenzake waliokufa wakirudi kutoka ncha ya kusini, kwa siku ya mapumziko kinatosha. Pengwini na sili usiwasogelee, wakibadili tabia kwa sababu yako umeshavunja sheria, na mawe usibebe hata dogo.

Dada zangu, hili nisilifiche. Ripoti ya mradi wenyewe ya 2022 ilikiri kwamba unyanyasaji wa kijinsia vituoni ni tatizo kubwa. Tangu hapo mambo kadhaa yamebadilishwa, na kuanzia Oktoba 2023 baa za McMurdo zimeacha kuuza pombe, inauzwa dukani kwa mgao tu. Kabla hujaondoka andika kwenye karatasi namba za kuripoti zilizo nje ya kampuni yako, na mwenzako wa chumba akikutia wasiwasi omba kubadilishiwa siku hiyohiyo, ofisi ya malazi hufanya hivyo. Wanaume, bwenini mtu akisema hapana ni hapana, na ndege ya kukurudisha nyumbani ni ya wiki hiyohiyo.

Waliopangiwa South Pole: ni masaa matatu mengine ya ndege kutoka McMurdo, mwinuko unaumiza kichwa siku za kwanza, usinyanyue vitu vizito na usinywe pombe, na bafu ni mara mbili kwa wiki, dakika mbili za maji kila mara. Hesabu ya dakika inaanza ukifungua bomba.

Hatua ya 8: kumaliza na kurudi

Baadhi ya mikataba ina bonasi ya mwisho unayoipata ukimaliza tu, isome hiyo ibara kabla hujagombana na mtu mwezi wa 1. Bima ya afya kwa kawaida inaisha na mkataba, kwa hiyo panga ya kuendelea nayo kabla hujapanda ndege ya kurudi. Manguo mazito yote unayarudisha Christchurch na wanahesabu, glavu ikipotea unaulizwa. Ukitaka kuzunguka New Zealand kidogo kabla ya kurudi, mwambie mtu wa tiketi mapema na uangalie karatasi zako zinakuruhusu kukaa siku ngapi, wenye pasipoti zetu hapa ndo wanapojisahau.

Na kama umeipenda, ongea na bosi wako kabla hujaondoka. Mabosi wa jikoni na mabweni wanapanga majina ya msimu ujao wakiwa bado palepale, mezani mesi, na anayejulikana hakai foleni na wale wa tovuti. Vipimo lakini unavianza upya kila mwaka, meno na yote, kwa hiyo miadi ya daktari weka ukiwa bado Christchurch.